Waliposema "haitoki" walikuwa wanauliza

Dereva wa bajaji aliyenibeba wiki iliyopita aliniomba radhi, kwamba lazima apite kwanza kituoni kujaza gesi. Foleni ilikuwa ndefu, bajaji na IST zimepangana mpaka barabarani, tukapata muda wa kupiga soga. Akanieleza alivyoachana na petroli na jinsi siku hizi jioni anarudi nyumbani na chochote mfukoni. Nikamuuliza, gesi yenyewe inatoka wapi?

"Si hapo chini, kaka. Kuna bomba."

Amesema kweli. Ila bomba hilo lina ncha ya pili, na ndiko nilikozaliwa. Linaanzia Madimba, Mtwara, kwenye kiwanda cha kuchakata gesi ya Mnazi Bay, linapanda Lindi na Kilwa mpaka Kinyerezi, Dar es Salaam, penye mitambo ya umeme. Ukijumlisha na kipande kinachotoka Songo Songo unapata kama kilomita 540. Mjomba wangu ni mmoja wa waliopisha. Njomba, kama tunavyoitana kule kusini, alikata mikorosho yake mwenyewe kwa shoka, kwa sababu hakutaka kuikuta imelazwa na tingatinga. Fidia alilipwa, hilo lisemwe. Pesa ikanunua pikipiki, pikipiki ikachakaa. Mkorosho ukishakomaa unakulisha miaka na miaka, na ukibanwa na ada ya shule kuna mtu atakukopesha kwa kuangalia tu maua yake. Pikipiki haina maua.

Kila nikisikia habari za vurugu za gesi za Mtwara za 2013 zikisimuliwa Dar es Salaam, nasikia hadithi isiyofanana na ninayoijua. Huku inasimuliwa hivi: watu wa Mtwara walitaka gesi iwe yao peke yao, wakachochewa na wanasiasa, wakachoma moto, serikali ikatuliza. Mwisho wa hadithi. Mimi naona walikuwa na swali zuri, wakalisema kwa neno baya, na swali hilo halijajibiwa mpaka leo.

Novemba 2012 Rais Kikwete alizindua ujenzi wa bomba, mradi wa mkopo wa zaidi ya dola bilioni 1 kutoka Benki ya Exim ya China. Tarehe 27 Desemba maelfu ya watu wakaandamana mjini Mtwara, kwa amani, wazee kwa vijana. Neno lilikuwa moja: haitoki. Ulilisikia sokoni, kwenye daladala, barazani, mpaka kwenye mzaha wa watu waliokopeshana chumvi. Walichotaka si kwamba gesi ibaki ardhini. Walitaka mitambo ya umeme ijengwe Mtwara, umeme ndio usafirishwe, ili viwanda na ajira vifuate gesi iliko.

Hoja hiyo ilikuwa na udhaifu wake. Dar es Salaam ndiko kwenye walaji wengi wa umeme na mitambo mingi, na nchi ilikuwa imetoka kwenye mgao mkali wa 2011, mabwawa yamekauka na jenereta za dharura zinakunywa mafuta ya fedha za kigeni. Mtu mwenye akili timamu angeweza kusimama uwanja wa Mashujaa akawaeleza hayo watu wa Mtwara na wakamwelewa. Badala yake, katika salamu za mwaka mpya Rais akasema rasilimali ni mali ya Watanzania wote. Sawa. Wapo waliosema gesi ni ya watu wa kusini, siwafichi. Lakini wengi hawakuuliza gesi ni ya nani. Waliuliza: ikishapita, hapa kinabaki nini?

Ili uelewe kwa nini swali hilo liliuma, lazima ujue historia yetu ya vitu vinavyopita. Mwingereza alikuja na mradi wa karanga Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, akajenga bandari ya Mtwara na reli. Karanga hazikuota alivyotaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Nchi nyingine zinasubiri reli, sisi tulikuwa nayo tukaishuhudia ikiondoka. Korosho zikaja, viwanda vya kubangua vikajengwa kwa mikopo, vingi vikafa, majengo yakageuka maghala, korosho ghafi ikapanda meli kwenda India na Vietnam. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa hadithi ya kujitafutia kifo masika mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tunapitisha bomba", anasikia "tunang'oa reli".

Yaliyofuata yanajulikana. Januari 2013 vurugu Mtwara na Masasi, watu wakafa, Waziri Mkuu Pinda akaja kuzungumza. Tarehe 22 Mei 2013 Waziri Muhongo akasoma bajeti ya nishati bungeni, mjini kwetu maduka yamefungwa, watu wako kwenye redio na televisheni wakisubiri kusikia kama kuna neno lao. Bomba liko palepale. Moto ukawaka, nyumba zikachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani, na baadaye watu wakasimulia vipigo na mambo mengine ambayo hadi leo husemwa kwa sauti ya chini. Aliyechoma nyumba ya mtu simtetei. Baada ya hapo kila aliyeuliza jambo kuhusu gesi alionekana ana kiberiti mfukoni, na hiyo ndiyo hasara kubwa ambayo moto ulituachia.

Ndipo likaja neno ambalo mimi nalichukia kuliko "haitoki": elimu. Wananchi waelimishwe. Wananchi hawana uelewa wa gesi. Zikafunguka semina hotelini, wenyeviti wa vijiji wakapewa daftari, kalamu na posho, wakaonyeshwa mchoro wa kisima kinavyochimbwa, tabaka hadi tabaka. Mzee mmoja aliyetoka huko aliniambia sasa anajua gesi iko umbali gani chini ya ardhi, ila hajui halmashauri ililipwa shilingi ngapi mwaka jana. Kwenye semina hiyo ya siku mbili, alisema, swali hilo liliahirishwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya chakula.

Msimbati, kijiji chenye visima vya gesi, palihitaji elimu gani? Watu wale wanaishi ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Waliambiwa nyavu fulani marufuku, matumbawe yasichimbwe kwa chokaa, mikoko isikatwe, kwa kuwa bahari hii ni tunu. Wengi walikubali, wengine kwa shingo upande. Halafu katika hifadhi hiyohiyo zikaja mashine za kuchoronga visima vya gesi. Huenda kitaalamu yote mawili yanawezekana. Lakini mvuvi aliyenyang'anywa nyavu akiona mtambo umesimama kwao, huhitaji mchoro wa tabaka kumfanya aelewe kwamba kuna sheria mbili.

Na umeme nao. Kwa miaka mingi Mtwara na Lindi zilikaa nje ya gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo midogo ya gesi iliyopo mjini Mtwara. Mitambo ikizidiwa au ikiharibika, giza. Yaani gesi inapita mlangoni kwenda kuwasha Kinyerezi, nyumbani shangazi anatafuta mshumaa. Ukiishi hivyo utaacha kucheka watu waliotaka mitambo ijengwe kwao kwanza.

Sasa tuje kwenye pesa, maana ndipo palipo na kazi ya kufanya. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya 1982 inaipa halmashauri ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Fanya hesabu ya dukani kwa kiwango hicho: kampuni ikiuza gesi ya shilingi bilioni 1, halmashauri ilipata shilingi milioni 3. Ni kidogo, lakini kwa halmashauri ya wilaya yenye gesi kinakuja kila robo mwaka, na kinaweza kuwa madarasa, zahanati, au posho za vikao. Hapo yanazaliwa maswali ya kweli. Mauzo ni yapi na nani aliyahakiki? Gesi imechimbwa Msimbati, imesafishwa Madimba, imeuzwa Dar es Salaam: mauzo yamefanyika wapi? Pesa ikishafika halmashauri, kijiji chenye kisima kinapata nini zaidi ya kijiji kisichokuwa nacho? Jibu la swali la mwisho kisheria ni kwamba halmashauri ndiyo inayoamua, na madiwani ndio wanaopiga kura. Ndiyo maana nasema vita vya gesi vilipiganwa mahali pasipo penyewe. Tuliwafuata mawaziri na kwa diwani hatukubisha hodi.

Najua mtasema naongea kama mtu wa semina. Hapana. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Tangu 2015 kuna sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Tangu 2016 kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa ofisa siku 30 kukujibu. Sheria za mafuta na gesi za 2015 zilipitishwa kwa hati ya dharura, wabunge wa upinzani wakiwa wametolewa nje, kwa hiyo sizipambi. Lakini ukikuta jembe limeachwa shambani, hata kama aliyeliacha humpendi, unalima.

Nimewahi kutamani watu wa kwetu wakutane na watu wa Groningen, Uholanzi. Kule gesi iligunduliwa mwaka 1959, ikajenga nchi nzima. Kisha ardhi ikaanza kutikisika. Wanakijiji wakasema nyumba zinapasuka kwa sababu ya uchimbaji, wakaambiwa, unajua tena, hawaelewi. Agosti 2012, miezi minne kabla ya maandamano ya Mtwara, tetemeko la 3.6 likapiga Huizinge. Lilikuwa dogo kwa kipimo, ila la juujuu, na kuta za matofali zikafunguka. Wale watu walipiga picha kila ufa, wakaunda chama chao, wakaenda mahakamani, wakachosha kila waziri aliyekuja. Mwaka 2023 tume ya bunge lao ilisema wazi kwamba maslahi ya wakazi yalipuuzwa kwa miaka, na Oktoba mwaka huo uchimbaji ukasimamishwa. Hata nchi tajiri yenye mahakama za kuaminika iliwachukua zaidi ya miaka kumi. Na Shell, mmoja wa wabia wa kampuni iliyochimba Groningen, ndiye huyohuyo anayezungumza na serikali yetu kuhusu gesi ya bahari kuu.

Ndiyo sababu macho yangu siku hizi hayako Mtwara. Yako Likong'o, nje kidogo ya mji wa Lindi, ilikotengwa ardhi ya zaidi ya hekta 2,000 kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi kuwa kimiminika. Waliopisha walisubiri fidia miaka kadhaa baada ya ardhi kutengwa, mpaka 2020. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini una ukomo wa miaka miwili, na mtu ambaye shamba lake limehesabiwa anajua miaka miwili ya kutopanda mnazi mpya ni muda gani. Mwaka 2023 tuliambiwa mazungumzo yamekamilika. Mradi unatajwa kwa makumi ya mabilioni ya dola, na bado tunasubiri saini. Vijana wa Lindi wanajenga gesti kama sisi tulivyojenga 2012, kabla bei ya mafuta haijaporomoka 2014 na meli za utafiti kuondoka bandarini zikituachia vyumba vitupu na madeni ya benki.

Kwa hiyo watu wa Lindi, ndugu zangu: huu ndio wakati, kabla ya saini. Ulizeni ajira ngapi ni za ujenzi na ngapi zitabaki kiwanda kikiwashwa. Ulizeni wavuvi watapita wapi meli zikianza kuingia. Majibu yaandikwe na yagongwe muhuri. Ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado ya Msumbiji, ambako tuna ndugu wa damu na lugha, gesi ilikuta vijana waliokwisha kata tamaa, na mnajua yaliyotokea Palma Machi 2021, waasi walipouvamia mji. Sisemi gesi ndiyo iliyoleta vita. Nasema ilikuta nyumba ya makuti makavu.

Mjomba ana daftari la mistari, jalada lake limefungwa kwa gazeti. Humo ameandika mikutano yote ya kijiji tangu bomba lipite, na ile ambayo haikufanyika ameiachia ukurasa mtupu wenye tarehe. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, nikadhani kuna msiba. Alitaka nimsomee herufi kwa herufi jina kamili la Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Barua ameiandika kwa mkono, anaomba kujua ushuru wa huduma uliopokelewa katika miaka mitano na ulivyotumika. Ameipeleka mwenyewe, nakala yake ina muhuri wa mapokezi. Siku thelathini zinaisha Ijumaa.