Wateja Wangu wa Ashburn

Mama anasuka mikeka ya ukindu hapa Tanga, mimi ni meneja masoko, cheo nilichojipa mwenyewe siku nilipofungua tovuti. Mpwa wangu akanishauri, "Mjomba, weka programu ya kuhesabu wageni. Chukua Matomo au Google Analytics." Ile Google Analytics ya zamani nilikuwa ndiyo kwanza naizoea, Julai 2023 ikaacha kuhesabu, ikabaki toleo jipya, GA4, nikapotea kwenye menyu kama mgeni Kariakoo. Matomo nayo ni bure ukiisimika mwenyewe, na mimi kusimika najua mwamvuli tu. Nikabaki na kaunta iliyokuja bure na hosti, kampuni inayoitunza tovuti; inasoma logi za seva, yaani daftari la kila anayeingia kwenye kompyuta yao. Bure ni bure.

Siku ya tatu: wageni 312! Karibu wote kutoka Ashburn, Virginia.

"Mama, Wamarekani wametuona!"

Sijui kwa nini sikunyamaza. Mama aliwaita mashangazi wawili, ukindu ukashushwa kwa bajaji, masufuria ya rangi yakachemka uani. Baada ya wiki tatu mikeka 14 imeegemezwa sebuleni, taarifa ya habari tunaitazama kwa kuchungulia. Wa kumi na tano ulisukwa kwa herufi nyekundu: KARIBU ASHBURN. Ile H ilikaa kama N, lakini nia ilisomeka.

Oda? Hata moja.

Mpwa wangu akaja, akaitazama kaunta, akakaa chini kwa kicheko. "Mjomba, Ashburn kumejaa majengo ya seva. Hawa ni roboti, programu zinazojizungukia mtandaoni! Kaunta yako inamwandika kila anayebisha hodi. Matomo inategemea skripti, msimbo mfupi unaofanya kazi ndani ya brauza, na roboti wengi hawaufungui."

Akaisimika mwenyewe. Jioni tukakuta wageni wawili, wote wa Tanga. Mmoja ameingia mara 19.

"Huyu ananunua!" nikasema.

"Huyo ni wewe, mjomba. Tuizuie IP yako, ile anwani ya intaneti yako, isihesabiwe."

Tukaizuia. Kesho yake akabaki mmoja, anayetumia simu ya mama.

Nikaenda uani kumweleza taratibu kwamba wale wa Ashburn si watu, ni roboti. Alikuwa anakata ncha za ukindu kwenye ule mkeka wa kumi na tano. Hakuinua hata kichwa.

"Kwani hao roboti hawalali?"