Mmishonari Haishi kwa Nyimbo za Kumuaga

Kila nikija Nairobi nayakuta makanisa yamefurika, wengine wameketi nje kwenye viti vya plastiki. Kanisa ninaloabudu huku Leeds, Uingereza, halijazi hata nusu ya ukumbi, na wengi wetu ni wazee wa pensheni. Lakini kanisa hili dogo linamtunza mmishonari kuliko makanisa makubwa ninayoyajua kwetu, na hilo linaniuma sana.

Tofauti iko kwenye bajeti. Huku mhazini husoma hesabu ya umisheni mbele ya ushirika mzima: posho ya mwezi, bima ya matibabu, pensheni, karo ya watoto, nauli ya likizo, hata magurudumu ya gari. Waumini wameagiza benki ziwakate kila mwezi. Mwingine hutoa pauni kumi tu, lakini hazikosi. Barua ya mmishonari ikija, inasomwa katika kikundi cha maombi, na yupo mtu wa kuijibu.

Nairobi sisi ni hodari wa kuaga. Kwaya inaimba, wazee wanaweka mikono, harambee inafanywa, familia inafunga virago kwenda Marsabit au Turkana, kaskazini mwa Kenya. Pesa zinaishia kwenye usafiri na kodi ya miezi ya mwanzo. Januari karo ikidaiwa, mama watoto anaanza kupigia marafiki simu mmoja mmoja, na maji bado anayanunua kwa mtungi. Naijua familia iliyorudi mapema kwa sababu hiyo tu. Kanisani ikasemwa hawakuwa na wito. Wito walikuwa nao. Unga ndio ulioisha.

Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa PCEA, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, akiwa Marekani, aliomba wamishonari na fedha za Magharibi zisitishwe kwa muda ili makanisa yetu yasimame yenyewe. Nusu karne imepita. Kwa majengo na vyombo vya muziki tumesimama. Kwa kutuma watu na kuwashika mkono, bado.

Wala tusisingizie umaskini. Chama cha akina mama hakikosi mchango hata mwezi mmoja, na M-Pesa tunayo tangu 2007. Waumini 300 wakitoa shilingi 200 kila mwezi, hizo ni 60,000, na watu hao wako mitaani mwetu Nairobi: wako Umoja, wako Kahawa.

Kuna jambo ambalo Leeds hawatufikii: kwenda kumwona mmishonari. Kwetu watu hupanda basi la usiku na mchele na mafuta ya kupikia, wakalala kwake, wakaomba naye, wakasikia mambo ambayo hawezi kuyaandika. Hilo tusiliache hata kidogo.

Bajeti za mwaka ujao zikianza kupangwa, wazee wa kanisa waliandike jina la mmishonari kwenye karatasi ileile ya mishahara ya wachungaji, pamoja na bima yake ya afya ya SHA na akiba yake ya uzeeni ya NSSF, alipwe tarehe ileile wanayolipwa wao.