Abiria Achague: Simu au Dereva

Natangaza rasmi, kwa manufaa ya wakazi wote wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na wageni wao, kwamba kuanzia leo abiria yeyote atakayepanda pikipiki yangu akiwa ameshika simu yenye ramani atatakiwa kuchagua kiongozi mmoja wa safari kati yangu na hiyo simu, na akiichagua simu basi na aipande yeye. Uamuzi huu nimeufikia baada ya tafakuri ya kina niliyoifanya jana jioni nikikung'uta mchanga kwenye viatu, na sioni dalili ya kuubadilisha.

Isieleweke kwamba mimi ni adui wa teknolojia. Simu ninayo, bando hununua pale hali inaporuhusu, na stendi ya simu nimeifunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi la baiskeli baada ya ile ya dukani kukatika mbele ya kijiwe kizima. Hata utaalamu wenyewe naufahamu, kwa kuwa mpwa wangu anayesoma chuo hunieleza kila anapokuja likizo, nitake nisitake: kwamba ziko setilaiti zinazozunguka umbali wa kilomita zipatazo 20,200 juu ya vichwa vyetu, kwamba simu ikizipata nne kwa pamoja inaweza kupiga hesabu ya mahali ulipo, kwamba hesabu hiyo haili bando hata kidogo, na kwamba kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe usipoipakua mapema ukiwa nyumbani. Setilaiti za mfumo huo ni mali ya serikali ya Marekani, na mpaka Mei 2000 wenyewe walikuwa wakivuruga makusudi vipimo vinavyowafikia raia wa kawaida ili visiwe sahihi sana. Walipoona imetosha, wakaacha. Nina wasiwasi kwamba habari ya kuacha haijazifikia simu za abiria wangu.

Yupo mteja mmoja wa Shangani ambaye kila akinitumia lokesheni huniweka baharini, mbali kabisa na ufukwe, na nikimpigia kumuuliza kama yupo mtumbwini hunijibu kwa ukali kwamba nifuate ramani. Mpwa wangu anasema mama huyo hutuma akiwa ndani ya nyumba, ambako simu haizioni setilaiti vizuri, kwa hiyo hukisia kwa kutumia minara ya mtandao na kuchora duara kubwa la bluu, maana yake mtu unayemtafuta yumo humo ndani ya duara. Nimelitazama duara lenyewe. Limemeza nusu ya Shangani pamoja na samaki wake.

Mwingine, mgeni wa kutoka Dar es Salaam, alipima kwa kidole akaona Msangamkuu ni hapo tu, akataka nimpeleke kwa bei ya hapo tu, bila kujali kwamba chini ya kidole chake palikuwa na maji na kivuko chenye ratiba yake. Kuhusu jua sitasema mengi, kwa sababu kila dereva anajua kwamba simu ikianikwa kwenye usukani saa saba mchana huanza kufifia kioo, kisha huandika kwamba imepata joto na inahitaji kupumzika, na mahali inapochagua kupumzikia ni njia panda. Kamera yangu nayo imekuwa ikitetemeka yenyewe hata simu ikiwa imelazwa mezani. Nilidhani nimerogwa, mpaka niliposimuliwa kwamba mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa tahadhari kuwa mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zinazofungwa kwenye usukani. Walizungumzia injini tu. Ni wazi kwamba mwandishi wa tahadhari ile hakuwahi kupita njia zetu za kuelekea mashambani.

Hayo yote niliyavumilia kwa utu uzima wangu. Lililonifikisha kwenye tangazo hili ni la jana.

Abiria wa jana alikuwa kijana nadhifu, mwenye begi la kompyuta mgongoni na viatu vyeupe, ambavyo kwangu vilikuwa onyo la kutosha. Alikuwa anakwenda kwenye ghala la chama cha msingi katika kijiji kimoja ndani kidogo baada ya Naliendele, kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu nilizoelekezwa na wahusika. Nilimtajia nauli. Akatoa simu, akabofya hapa na pale, akaniambia kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba nimezidisha, kwa kuwa ramani inaonyesha kilomita chache kuliko nilizozitaja. Nikamwambia kwamba ghala hilo nalijua, liko kando ya barabara karibu na msikiti, na kwamba korosho zimebebwa kupelekwa pale tangu kabla ya yeye kuota meno. Akatabasamu. Tukapatana nauli ya simu, kwa sababu ilikuwa tarehe mbaya ya mwezi na mimi nina watoto.

Mpaka tunapita kituo cha utafiti wa korosho pale Naliendele hapakuwa na tatizo, ila kwamba kila baada ya muda mfupi mwanamke wa ndani ya simu alizungumza Kiingereza sikioni kwangu, na kijana akanitafsiria kwa kunigonga bega la upande unaohusika. Baadaye nikagongwa bega la kushoto mahali ambapo kushoto hapakuwa na kitu zaidi ya kichaka. Nikasimama. Nikamwambia, "Bosi, hii siyo barabara, hii ni njia ya kwenda shambani." Akanionyesha kioo, ambacho kwa kweli kilikuwa na mstari wa vitone ulioingia pale pale. Nikamwambia pia kwamba huku mbele nasikia ngoma, na kwamba huu ni msimu wa likizo, mtu mzima akisikia ngoma msimu wa likizo huuliza kwanza. Akasema ngoma ni utamaduni na yeye anaupenda utamaduni.

Tukaingia. Njia ilipita katikati ya mikorosho, ikawa nyembamba, ikageuka mchanga mtupu, na pikipiki ikaanza kwenda upande wowote iliotaka yenyewe. Kijana akashuka, nikamshukuru Mungu, nikawa naendesha kwa miguu yote miwili chini huku yeye akinifuata nyuma ameinua simu juu ili ipate hewa. Hatimaye tukatokea penye uwazi chini ya mkorosho mkubwa, na hapo palikuwa na bibi wawili wameketi kwenye mkeka, mmoja akiwa na mchi mapajani. Nyuma yao kulikuwa na ua wa makuti, na nyuma ya ua ngoma ikanyamaza ghafla.

Mimi nilikwishaelewa kwamba pale ni unyagoni, ambako wasichana huchezwa na mwanamume haingii. Nilizima injini, nikavua helmeti, nikainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amewaleta huku?"

"Ramani, bibi," akajibu kijana kwa uchangamfu.

"Ramani huyo ni mtoto wa nani?"

Kabla hajajibiwa, mwanamke wa ndani ya simu akasema maneno yake kwa sauti kubwa na ya furaha. Bibi wa mchi akauliza amesema nini. Kijana akatafsiri kwamba amesema tumefika, na kwamba ghala liko upande wa kulia. Sote wanne tukatazama kulia. Palikuwa na kichuguu, na kuku mmoja juu yake.

"Huyo mwanamke anayesemea humo," akauliza bibi taratibu, "amechezwa?"

"Hapana, bibi, hachezi," akasema kijana. "Anaelekeza tu."

Nilitamani ardhi ipasuke, imchukue yeye na kuniachia pikipiki. Bibi hao walitazamana kwa muda mrefu. Kisha yule wa mchi akasema, "Kama hajachezwa, huku amepajuaje? Na kama amechezwa, nani amemruhusu kuwatajia njia wanaume?" Ni swali ambalo tangu jana nimelirudia kichwani na bado sijamwona mtaalamu wa setilaiti anayeweza kulijibu. Kijana alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniomba mwongozo.

Kesi ilisikilizwa hapo hapo. Nilijitetea kwamba mimi ni mbebaji tu, na bibi wakakubali utetezi wangu nusu, wakisema kwamba punda naye hubeba lakini haingii popote bila kuswagwa. Tukatozwa faini ya kuku wawili au thamani yake. Kijana akasema hakuwa na pesa taslimu, akidhani ameokoka. Bibi akafungua pindo la kanga yake, akatoa simu ya kitochi, akamtajia namba ya kutuma, tena akamkumbusha aweke na ya kutolea. Mtandao, ambao njia nzima ulikuwa ukikatika, hapo ulishika barabara.

Tulirudi tukisukuma. Yule mwanamke wa ndani ya simu hakukoma kutusihi tugeuke nyuma. Katika kusukuma huko ndipo nilipokitazama kioo kwa makini na kuona, juu kabisa, kipicha kidogo cha mtu anayetembea. Nikamuuliza ni nini. Akaeleza, bila aibu yoyote, kwamba ukiiambia ramani uko kwenye gari inakupa kilomita nyingi, lakini ukiiambia unatembea kwa miguu inakupa njia ya mkato, na yeye alichagua kutembea kwa miguu ili tupatane vizuri kwenye nauli. Alipanda chombo changu chenye mafuta yangu, akakiingiza kwenye mchanga, na katika maandishi yake rasmi yeye alikuwa anatembea!

Tulipofika kwenye ghala, kando ya barabara, karibu na msikiti, aliniambia, "Ungesema, kaka." Ungesema! Nilisema. Nilisema mjini, nikasema kichakani, nilisema kuhusu ngoma, ningesema kwa Kiingereza kama ningejua kwamba ndicho kinachosikilizwa. Hata Livingstone, alipoanza safari yake Mikindani mwaka 1866, alitafuta kwanza watu wa kumwonyesha njia, na yule alikuwa Mzungu mwenye vipimo vyake vya kutazamia nyota. Huyu wa viatu vyeupe, ambavyo sasa vilikuwa na rangi ya ardhi ya kwetu, alishindwa kumsikiliza mtu aliyekaa sentimita chache mbele ya pua yake.

Nauli alinilipa pungufu, akikata ile aliyowalipa bibi.

Wapo watakaosema dawa ni anwani za makazi, na mimi zoezi la mwaka 2022 nililiunga mkono kwa moyo wote. Vibao vya mitaa vipo, nyumba zina namba, na programu yake ya simu ipo. Lakini nionyesheni mteja mmoja wa Ligula au Chikongola anayenitajia namba ya nyumba. Wote wananiambia nyumba yenye geti la bluu, baada ya pale palipokuwa na mwembe. Mwembe ulikatwa. Geti limepakwa rangi nyingine. Na ukimuuliza mpita njia atakuambia "hapo mbele tu," neno ambalo huku kwetu linaweza kukufikisha Newala, lakini angalau mpita njia ana jina, na ukirudi unaweza kumkuta ukamweleza ulivyojisikia.

Leo asubuhi, nikiwa bado nakunywa chai, simu yangu mwenyewe imeniandikia ujumbe. Imegundua kwamba jana nilikuwa kwenye ghala la chama cha msingi, yaani pale penye mkeka na mchi, na inaniomba niwasaidie wengine kwa kujibu maswali machache. Je, pana maegesho? Nimejibu kwamba pana mchanga. Je, wanapokea malipo ya kielektroniki? Nimejibu ndiyo, kwa sababu mimi si mtu wa kusema uongo. Je, mapokezi yalikuwaje? Hapo nimetoa nyota tano, kwa kuwa bibi wana kumbukumbu nzuri na wameiona namba ya pikipiki yangu. Swali lililobaki linauliza kama mahali hapo panafaa kwenda na familia. Nimemsomea mke wangu, ambaye ni mwenyeji wa upande ule, naye ameniambia niliache kama lilivyo, kwamba hilo halijibiwi na mwanamume, na kwamba niende kazini.