Boya la Ziwa Erie na mwera wa Matema

Nilikuwa sijamaliza mwaka hapa Toledo, mji wa Marekani unaokunywa maji ya Ziwa Erie, ilipotangazwa Agosti 2, 2014 kwamba maji ya bomba yasinywewe, na kwamba kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa sumu ya mwani uliorutubishwa na mbolea za mashambani haiondoki kwa moto. Watu wapatao 400,000 walihangaikia maji ya chupa hadi siku ya tatu. Leo maboya yenye vihisi huelea humo yakipima joto la maji, mwani, upepo na mawimbi, na mvuvi husoma vipimo hivyo kwenye simu kabla ya kutoka. Majira ya baridi hutolewa, barafu isiyavunje.

Nimekulia Matema, wilayani Kyela, Tanzania, kando ya Ziwa Nyasa, ambako mjomba alisoma ziwa kwa macho. Wingu likikaa vibaya juu ya Milima ya Livingstone, mtumbwi haukushushwa. Elimu hiyo naiheshimu mno. Lakini wavuvi wa usipa, samaki wadogo kama dagaa, hutoka usiku na taa zao, wakati wingu halionekani, na mwera huvuma kutoka kusini ukisukuma mawimbi juu ya ziwa lenye urefu unaozidi kilomita 550, hata yanapotufikia sisi wa ncha ya kaskazini yamekwisha kuwa makubwa.

Kwa hiyo siombi tuige Erie kila kitu. Vihisi vya mwani vinaweza kusubiri. Upepo na mawimbi havisubiri, kwa sababu ndivyo vinavyotuulia watu. Boya la kwanza ningeliweka kusini yetu, mbele ya Manda, Ludewa, ili mwera ukianza kuchafua maji kule, mvuvi wa Matema apate ujumbe kwenye simu yake ya kitochi angali na muda wa kurudi. Nanga itakuwa kazi ngumu: Erie haizidi mita 64 penye kina kirefu kabisa, ilhali Nyasa hupita mita 700, na upande wa Livingstone kina huanza karibu sana na ufuo.

Linanitia hofu zaidi suala la ulinzi. Boya hubeba betri na paneli ya sola, vitu ambavyo kila nyumba isiyo na umeme inavihitaji, na samaki hupenda kukusanyika chini yake, hivyo nyavu zitatupwa hapo hapo. Vikundi vya wavuvi vya Manda na Matema viulizwe kwanza lielee wapi na nani alitunze, kabla fedha yoyote haijatoka.