Digrii Kwanza au Lanet Kwanza? Piga Hesabu ya Umri

Kila tangazo la kuajiri maafisa wa jeshi la Kenya, KDF, linapotoka, wapo wanafunzi wa vyuo vya Nairobi wanaofunga virago kwenda Lanet, kwenye chuo cha kufunzia maafisa wa jeshi, bila hata kupitia kwa msajili. Wanahofia kupitwa na wakati. Wengi wao hawajapiga hesabu.

Umri unaotakiwa kwa kadeti wa kawaida, yaani anayeingia kufunzwa uafisa, ni miaka 18 hadi 26. Aliyeingia chuo akiwa na miaka 19 kwa kozi ya miaka minne atamaliza akiwa na 23, na bado ana muda wa kuomba. Anayesomea uhandisi, miaka mitano, huenda akafika 25 kwa sababu ya migomo au karo. Huyo ana sababu ya kuhangaika. Lakini hata yeye ana mlango wa pili: maafisa wa taaluma, yaani madaktari, wahandisi, mawakili na wenzao, ambao kikomo chao ni miaka 30. Mlango huo haufunguki bila digrii, na mara nyingi bila kusajiliwa na bodi ya taaluma. Ukiacha uhandisi mwaka wa tatu ili uwahi Lanet, kisha Lanet wakukatae, umepoteza yote mawili.

Kabla ya hayo yote, tazama cheti cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Kadeti hutakiwa kuwa na B, pamoja na C+ katika Kiingereza, Hisabati na somo la sayansi. Digrii nzuri haifuti alama ya kidato cha nne. Na cheti chenyewe kiwe mkononi: wengi wamekiacha shule ya sekondari kwa deni la karo, wakakumbuka siku mbili kabla ya usaili.

Kusoma Nairobi huku ukifunzwa uafisa hakuwezekani. Mafunzo ya Lanet, Nakuru, ni ya kulala huko huko, na kadeti ana masomo yake ya darasani juu ya gwaride na mazoezi ya porini. Kwa hiyo ukiamua kwenda, ahirisha masomo rasmi. Andika barua kwa mkuu wa idara, ipite kwa mkuu wa kitivo hadi kwa msajili wa taaluma, kabla ya mitihani ya muhula. Dai jibu la maandishi lenye tarehe ya kurudi. Uliza pia kikomo cha kuahirisha, kwa maana mafunzo yanaweza kukipita. Anayetoweka tu huandikiwa kwamba amefeli mitihani ambayo hakuifanya. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nao haufutiki kwa kuvaa gwanda.

Mwili nao unataka muda. Urefu usipungue mita 1.60, uzito, kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Maisha ya hosteli, chai na mkate, huwaangusha wengi kwenye mizani. Anza mbio na chakula cha maana miezi mitatu mapema, upimwe macho na meno ukiwa bado na wakati wa kutibiwa. Atakayekuomba pesa akupe barua ya mwito ni tapeli. Nafasi hizi hazilipiwi.

Kinachoniuma ni kwamba tunawalazimisha vijana kuchagua. Marekani ina mpango wa ROTC tangu 1916: mwanafunzi anabaki chuoni, anafanya mazoezi alfajiri na somo la kijeshi kila wiki, likizo anaenda kambini, na akihitimu anakuwa luteni wa pili. Kwetu, kambi ya jeshi ya Kahawa iko jirani kabisa na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Asubuhi mbili kwa wiki na likizo ndefu moja zingetosha kuanzia, na jeshi lingemjua kijana kwa miaka minne kabla ya kumkabidhi askari wa kuongoza, badala ya kumpima kwa mbio, vyeti na usaili wa siku chache.