Taa zinazopofusha usiku Mwanza: tusiwalaumu madereva peke yao

Sisi watu wa Mwanza tunaoishi Uingereza tukirudi likizo huwa na lawama moja: madereva wa nyumbani hawana ustaarabu, wanakumulika fulu usoni mpaka mnapishana. Wapo wa hivyo, tena wengi. Lakini yaangalie vizuri magari yanayokuja kutoka Magu au Misungwi saa mbili usiku. Mengi yanayokuchoma macho yamewasha dimu. Dereva kapunguza kama inavyotakiwa, ila taa yenyewe inatazama juu.

Huku nako watu si malaika. Tofauti ni kwamba gari likifikisha miaka 3 linapelekwa kila mwaka kwenye ukaguzi uitwao MOT, na pembe ya taa inapimwa kwa kifaa. Mwanga ukikaa juu kuliko kiwango, gari limefeli. Taa ya halojeni, yaani ile ya balbu ya kawaida yenye waya ndani, ikikutwa imefungwa balbu ya xenon, ile kali ya gesi isiyo na waya, limefeli. Barabara nayo inasaidia: katikati kuna vile vijicho vya kuakisi alivyobuni Percy Shaw mwaka 1934, kwa hiyo hata ukipofushwa unajua njia yako inapita wapi. Na bado Waingereza wanalalamikia LED za kiwandani kwenye magari yaliyoinuka juu, hadi serikali yao ikaagiza utafiti.

Nyumbani ugonjwa ni mwingine, na unatibika kwa bei ndogo.

Chukua balbu ya H4, wati 60/55. Ndani yake, chini ya waya wa dimu, kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo cha kuakisi, maana ukipiga hapo unarushwa juu. Ukichomeka LED ya bei rahisi ambayo vimulimuli vyake havikai pale pale ulipokuwa waya, kioo hakijui la kufanya nao na mwanga unatawanyika kila upande. Dereva anaona mbele kweupe karibu na boneti, anafurahi, kumbe mbali haoni zaidi ya zamani. Rudisha halojeni. Na usikubali kuuziwa ya wati 100/90, itayeyusha soketi.

Halafu mzigo. Mchomoko, ile teksi ya Probox ya kuchangia, uliojazwa abiria na magunia unakaa kitako. Fanya hesabu: nyuma ikishuka sentimita 5 kwenye gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli, taa zimeinuka kwa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Kama zilikuwa zimeinamishwa asilimia 1, sasa zinatazama juu asilimia 1. Umbali wa mita 50 mwanga umepanda nusu mita juu ya kimo cha taa, yaani usawa wa macho ya anayekuja. Dawa yake mara nyingi ipo kwenye dashibodi: kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Sifuri ni ya dereva peke yake. Mzigo ukiongezeka, panda namba.

Kuset taa hakuhitaji mashine. Tafuta ukuta na sakafu tambarare (Mwanza ya vilima na mawe hiyo ndiyo shughuli yenyewe). Jaza matairi upepo sawasawa, ondoa mzigo, mtu akae kwenye kiti cha dereva, kigurudumu kiwe 0. Simamisha gari taa zikiwa mita 5 kutoka ukutani. Pima kimo cha kitovu cha taa kutoka chini, chora chaki ukutani kwa kimo hicho, kisha mstari mwingine sentimita 5 chini yake. Washa dimu. Sehemu bapa, pale mwanga unapokatika, inapaswa kukaa kwenye mstari wa chini. Kushoto mwanga utapanda kidogo. Uache, ndio unaomulika pembeni mwa barabara. Kama unapanda kulia, taa hizo ni za nchi wanakoendesha kulia, na hakuna skrubu itakayozinyoosha. Nyuma ya taa kuna skrubu ya kurekebishia: zungusha nusu mzunguko, angalia, endelea.

Kwa maoni yangu, stika ya Nenda kwa Usalama, ile ya ukaguzi wa magari, isingebandikwa kabla gari halijasimama mbele ya ukuta huo. Sasa ndiyo wakati: tangu 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, magari ya Sengerema na Geita hayasubiri kivuko. Taa za kupishana nazo zimeongezeka.

Unayemulikwa, peleka macho kwenye ukingo wa kushoto wa lami na uondoe mguu kwenye mafuta mapema. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde 3 za upofu ni mita 66, na ndani yake anaweza kuwemo mwenye baiskeli isiyo na taa au ng'ombe. Usijibu kwa fulu. Miwani ya njano wanayouza wamachinga haisaidii: inapunguza mwanga wote, pamoja na ule mdogo unaokuonyesha mtembea kwa miguu.

Mwisho, kioo. Vidudu vya ziwani vikipondeka kwenye kioo cha mbele, kila taa inayokuja inageuka ukungu. Usiwashe waipa pakavu, vumbi litakwaruza kioo moja kwa moja. Lowesha, subiri dakika chache, futa. Kwa ndani tumia kitambaa safi, si kile cha kung'arishia dashibodi, maana dawa yake inaacha utando wa mafuta ambao mchana huuoni.