Darasa Zima, Tumbo Moja

Sisi wa idara ya mikrobiolojia na parasitolojia, yaani watu wa vijidudu na minyoo, tukialikwa harusini hatutaji kazi; ukitaja tu, jirani anasukuma sahani. Safari ile chuo kilitupeleka mwaloni, Ziwa Albert, kupima kichocho cha tumbo kwa watoto wa shule. Jioni tukagawa vikopo vya choo darasa la tano, kila kimoja na namba yake. Mwalimu mkuu akaongeza lake: "Kesho asiyeleta haingii darasani!"

Asubuhi vikarudi vyote. Vyote! Waliowahi kufanya kazi hii wanajua, nusu ikirudi unamshukuru Mungu.

Tukaanza Kato-Katz, kipimo cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo, chini ya mwembe. Choo unakipitisha kwenye chekeche, unajaza tundu la kibao linaloingia miligramu 41.7, unafunika kwa selofani iliyolowekwa dawa ya kijani, unahesabu mayai, unazidisha mara 24 upate ya gramu moja. Yai la kichocho hiki lina mwiba ubavuni, huwezi kulikosa. Mtoto wa kwanza anayo. Wa pili anayo. Wa kumi anayo, na hesabu zinakaribiana kama pacha. Mhadhiri wetu akaanza kutunga makala kwa sauti: "Asilimia mia moja!"

Mimi niliyekuwa kwenye chekeche nikaanza kuona mambo. Kila kopo lilibakiza ganda la nyanya, mahindi ya njano na nyuzi nyekundu za sweta. Nyanya sawa, mahindi sawa. Lakini sweta, jamani?

Nikamwita mwalimu mkuu. Alipitisha macho mstarini, yakatua kwa kijana mwembamba mwenye mkono wa sweta uliotafunwa hadi karibu na kiwiko, mifuko imetuna kwa kabalagala, vile vitumbua vya ndizi.

"Wewe! Umewauzia wenzako?"

"Hapana, Mwalimu. Walikosa, nikawagawia. Kabalagala wamenipa wenyewe."

Mhadhiri akakaa juu ya kreti ya soda, akavua glavu kidole kimoja kimoja. Mimi hadi leo najiuliza mzigo wote ule ulitoka wapi katika mwili kama ule.

Ugawaji wa prazikwanteli, dawa ya kichocho, ukaahirishwa. Fimbo ya kupimia urefu ili kujua dozi ikarudi garini, na uji uliopikwa ili watoto wasimeze dawa na njaa wakatapika, tukaunywa sisi. Vikopo vikagawiwa upya.

Nikiwa nafunga sanduku, kijana akanivuta koti.

"Daktari, ya kesho mnataka ya maharage au ya dagaa?"